Nkambo Haiuzwi kwa Kilo

Mwanangu Monga,

Sikuandikii juu ya blanketi. Blanketi shangazi yako amekwisha kulifunga, pamoja na samaki wa kukauka na unga wa njiani, na kama umesahau suruali, hilo ni shauri lako. Mwanaume mzima anajua suruali yake iko wapi. Ninakuandikia kwa sababu nina hasira, na nikianza kusema kwa mdomo nitapiga kelele mpaka kambi yote ya reli itoke nje. Kesho unasafiri. Sitaki watu waseme kwamba Mama Monga alimsindikiza mtoto wake kwa matusi. Karatasi haina majirani.

Jana niliporudi sokoni nilikuta wanaume watatu katika lupango, uwanja wa nyumba yetu. Watu wa mitraye, wale wanaozunguka mitaa wakinunua vyuma vikuukuu kwa kilo. Mmoja amepanda juu ya kamyo, lori letu, juu ya Nkambo, na viatu vyake vya matope, ameshika chaki, anachora mahali watakapopitisha moto wa kukatia. Mwingine anapiga mlango kwa ngumi kama mtu anayechagua mbuzi. Na weye, mtoto niliyekubeba, umesimama pale mikono mfukoni, unawaonyesha wapi chuma ni kizito.

Niliuliza, "Muko banani?"

Yule wa juu akasema, "Jambo, mama. Tuko bantu ya mitraye. Kijana njo alituita."

"Kijana gani?"

"Huyu wako."

"Shuka."

"Mama, tumalize kwanza kupima kidogo..."

"Shuka, ao nikushushe na ufagio, halafu hapa chini nikumalize na mchi!"

Wakashuka. Yule wa chaki alipofika kwenye mlango wa lupango akageuka: "Mama, kile chuma kinaoza. Siye tunakusaidia tu." Ningekuwa na jiwe karibu, leo ningekuwa gerezani, na weye ungesafiri na aibu.

Halafu ukaniambia maneno yale. Nimeyashika yote. "Mama, mie nakwenda. Nani ataiendesha? Ile ni kamyo ya mwanaume. Utabaki kuiangalia tu kila siku, itaoza hapo, na roho itakuuma. Nilitaka ikwishe mbele sijaenda." Nilichukua sufuria nikapika bukari, ugali wetu, ukakula, ukafikiri mama amekubali. Mama hakukubali. Hili njo jibu.

Nikuambie kwanza Nkambo ni nani, maana naona hujui. Weye ulifungua macho ukakuta inatembea. Ulifikiri ilizaliwa inatembea.

Nkambo niliinunua mimi. Si baba yako. Mimi. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa pamba, yenye pua ndefu na macho ya mviringo, na biashara ya pamba ilipokufa aliiacha nyuma ya ghala mwisho wa mji. Kuku walikuwa wanataga juu ya kiti cha shofere. Mpapai ulikuwa umeota chini yake, ukapenya kwenye tundu la sakafu, ukatoa majani dirishani. Niliipita kila siku nikienda shambani, na siku moja nikasimama, nikagonga ile chassis, mifupa yake ya chuma, na jembe langu, ikalia kama kengele. Nikasema, huyu hajafa. Nikatoa cherehani yangu ya harusi, nikaipata.

Watu walicheka! Mama mzaa baba yako alilia machozi ya kweli, akasema mwanawe ameoa mwanamke aliyebadilisha cherehani na nyumba ya kuku. Baba yako alirudi kutoka atelye, karakana ya reli, nguo zake za kazi zimejaa mafuta, akaizunguka, halafu akaniuliza, "Kuku walikuwemo wangapi?" Nikamwambia, "Banza, nimekununulia kazi ya Jumapili." Nani katika Kamina hii alikuwa na macho ya kuona vile nilivyoona mimi? Hakuna. Hata sasa hakuna.

Jina, baba yako njo aliipa. Nkambo, babu. Alisema kitu cha umri ule huwezi kukiita kwa jina la mtoto.

Ilichukua muda mrefu mpaka ikawaka. Siku ilipowaka ilikuwa Jumapili, avenyu yote ilicheza, wanakwaya waliacha njia ya kanisa wakaja na ngoma. Jumatatu ikafika mbele ya soko, ikazima, ikakataa. Njo pale nilijifunza kitu ambacho watu wengi wenye magari hawajakijua mpaka leo. Kitu kinachotembea Jumapili ni sherehe. Kamyo ni ile inayotembea Jumatatu, na Jumanne, na siku ya mvua, na siku ambayo shofere ana homa, na siku ambayo hakuna anayepiga makofi. Kuiwasha Nkambo ilikuwa rahisi. Kuifanya iwe ya kila siku njo kulitutoa jasho, na huko njo tulikosea mpaka tukakaribia kuua watu.

Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga na kiburi pamoja. Kila safari inazima njiani. Tunafungua, tunakuta filtri ya esansi, lile chujio la petroli, imejaa kutu. Tunaisafisha, tunapuliza kwa mdomo, inawaka, tunakwenda. Inazima tena. Msimu mzima wa mvua! Na mimi nilikuwa nimekuwa fundi wa kusafisha filtri. Niliweza kuifungua na kuifunga na weye mgongoni, hata hukuamka. Nilijisifu sokoni. "Mimi? Nafunga filtri mbele mchuzi haujachemka!" Mpaka siku moja, matope mpaka magoti, njia ya Malemba, nikamwona baba yako anapuliza tena ile filtri, mashavu yamevimba, na hasira ikanipanda. Nikamwambia, "Banza! Kila siku tunapangusa pua ya mutoto, hakuna mwenye anauliza mafua inatokea wapi!"

Akaniangalia. Kesho yake tukashusha tanki lenyewe, tukatia changarawe na mnyororo wa zamani ndani, tukaliviringisha katika lupango kutoka ukuta mpaka ukuta. Kutu ilitoka kama kahawa. Nkambo haikuzima tena kwa ugonjwa ule.

Tata, weye una mkono ule ule mwepesi. Nakuita tata, baba, kwa kuwa una jina la baba yangu mzazi, na sasa hivi hasira imeshuka kidogo, itapanda tena. Una mkono wa kupangusa. Unaogopa kumwacha mama peke yake, hofu imejaa ndani, na badala ya kuja kukaa karibu yangu useme, "Mama, naogopa," unaita watu wa mitraye. Unaona? Hofu iko ndani ya tanki. Weye unapuliza filtri.

Kosa la pili ni la watu wa reli tu, sijasikia wengine walifanya. Siye bantu ba reli tuna ugonjwa mmoja, tunaamini duniani hakuna kitu chenye nguvu kupita kitu cha reli. Viti vyetu ni mbao za reli. Kengele ya kanisa letu ni kipande cha reli kimeninginizwa. Mlango wetu una bawaba ya behewa, mlango wenyewe umekwisha kuoza mara mbili, bawaba iko. Basi buloni, zile bolti za gurudumu la mbele, zilipokatika, baba yako alichimba lile rundo la vyuma walivyotupa nyuma ya atelye, akarudi na buloni nene, nyeusi. Akasema, "Buloni ya reli haikatikake."

Ni kweli. Haikatiki. Lakini meno yake yalikuwa yamechongwa kwa kipimo kingine cha zamani, na nati za kamyo zina kipimo chao. Nati iliingia mizunguko miwili, ikagoma. Mtu mwenye akili angesimama pale. Siye tulileta bomba refu, tukalivika kwenye ufunguo wa kukazia nati, baba yako akashika gurudumu, na mimi nikaning'inia juu ya lile bomba na uzito wangu wote, na unajua sijawahi kuwa mwembamba. Nikiimba! Nati ikilia, "Kriii," nafurahi zaidi. Nilifikiri inakaza. Ilikuwa inakula meno.

Tulikuwa tunatoka Mulongo na samaki, na akina mama wa soko juu ya mizigo. Njia nzuri, jua zuri. Nikaona gurudumu linatupita upande wa kushoto, linakimbia peke yake, linaingia majanini. Nikasema, "Banza, kuna muntu amepoteza mpira." Baba yako akasema, "Masikini." Ndipo Nkambo ikapiga magoti.

Vidye, Mungu wetu, alituhurumia, hakuna aliyekufa. Lakini akina mama waliruka, samaki walitapakaa barabarani, mmoja alichubuka mkono mpaka kiwiko. Baba yako akaanza kulaumu mashimo. Yule mama aliyechubuka akaokota nati, akaitia kidole ndani, hakukuta meno hata moja. Akauliza ilitoka wapi ile buloni. Baba yako akamwambia, na kifua mbele bado: "Ku reli." Akajibu, "Basi ungeiacha ku reli, tata. Siye tuko ku barabara."

Nilicheka nikiwa nalia. Tangu siku ile sikubali nati yoyote ianze kwa ufunguo. Inaanza kwa vidole. Ikikataa vidole, si yake. Huko Kolwezi unakokwenda kufanya kazi utakutana na watu wataingia kwako mizunguko miwili vizuri sana, halafu itabidi ulete bomba. Sitasema zaidi. Unajua kufunga nati.

Lakini si kila kitu cha reli kilituharibu. Kule relini baba yako alikuwa anatembea kando ya mabehewa na nyundo ndogo, anagonga magurudumu, anasikiliza chuma kilichopasuka. Akaileta tabia ile nyumbani. Kila asubuhi mbele ya kuwasha, anaizunguka Nkambo, anagonga kila nati. Iliyokaza inalia juu, iliyolegea inalia kama kibuyu. Akanifundisha. Nikamshinda, maana mimi ni sauti ya kwanza katika kwaya na yeye alikuwa anaimba kama mlango. Weye uliposhika kamyo baada ya kifo chake, uligonga pia. Uligonga ili mama anyamaze! Mkono mmoja nyundo, mkono mmoja telefone, kichwa kinacheka na watu walio mbali. Ulifikiri sioni? Nilikuwa napita nyuma yako, nagonga upya.

Umenionyesha picha za makamyo mapya ya kampuni unakokwenda. Makubwa, meupe, taa inawaka mbele ya shofere inamwambia kila kitu. Sawa. Ni mazuri, sikatai. Nimemwambia kila mtu sokoni kwamba walimchagua mwanangu kati ya vijana wengi, na ni kweli, maana hapa Kamina hakuna anayepanga vitesi, yaani gia, kama weye. Mtu akiwa amelala juu ya mizigo yako haamki. Najivuna na weye mpaka wauza mchele wamechoka nami. Lakini hasira yangu iko hapa: ukisifu yale mapya, sawa, usije ukamtemea mate huyu Nkambo aliyekulea. Wakati wa fujo upande wa Malemba, watu walipokuja kwa miguu na magodoro kichwani, makamyo yote ya mji huu ghafla hayakuwa na betri, hayakuwa na mpira, shofere anaumwa tumbo. Baba yako alizungusha manivela, kile chuma cha kuwashia kwa mkono, mara moja tu. Nkambo ikaitika. Ulikuwa mdogo, umekaa kati yetu. Tulikwenda tukapakia wazee na watoto mpaka springi zikanyooka, tukarudi, tukakwenda tena. Hakuna mtu aliyeuliza ile kamyo ilitengenezwa mwaka gani.

Na weye umeichorea chaki.

Sasa nifike pale panaponichoma kweli, maana mpaka hapa nimekugombeza weye, na zamu yangu imefika.

"Kamyo ya mwanaume." Usiku mzima wa jana neno hilo lilinikwaruza. Nikajiuliza, nani alimfundisha mtoto huyu neno hili? Si baba yake, baba yake alinipa nyundo. Si shule. Nikatafuta, nikatafuta, nikakuta ni mimi. Miaka yote hii nimeshusha tanki, nimekaza nati, nimezungusha manivela mpaka bega likatoka, nimelala chini yake katika matope. Ikishawaka, napangusa mikono, nazunguka, napanda upande wa kuume, kiti cha abiria. Kila siku. Hakuna aliyenikataza upande wa kushoto, kwenye volani, nishike usukani. Baba yako hakusema hata mara moja. Nilipanda kuume kama kuku anayerudi kwenye kijiti kile kile, na weye ulikuwa umekaa kati, unatazama. Ulijifunza vile nilivyokufundisha. Njo maana nimekukasirikia hivi. Nimekasirika kwa wawili.

Basi leo mchana, ulipokuwa kanisani wanakwaya wanakuaga, nilichukua ufunguo wa Nkambo.

Usicheke. Na usiogope, nimerudi, ndiyo maana naandika. Ambreyaji, ile klachi, ni nzito, hukuniambia. Ilinirukia mara ya kwanza kama mbuzi, nikauvunja mguu wa kibanda cha bata. Bata wazima. Nikatoka. Nilikwenda polepole kwa njia ya kambi ya jeshi, maana ni pana, watu wakisimama, wakishika vinywa. Fundi wa viatu pale kona alipiga kelele, "Mama Monga! Kamyo inakubeba wapi?" Nikamwambia, "Njo mie nayibeba!"

Kwenye baryeri, kizuizi cha njia, askari akanyanyua mkono. Kijana kama weye. Akachungulia.

"Mama, shofere iko wapi?"

"Iko anakuangalia."

"Hapana, mama. Ule mwenye anaendeshaka."

"Alikwenda kuimba."

Akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akainama kabisa, akatazama chini ya kiti kama nimeficha mwanaume. Akarudi.

"Permi? Karatasi ya kuendeshea?"

Nikamwambia ukweli. "Sina. Leo njo mara ya kwanza. Mwanangu anasafiri kesho, anasema sitaweza."

Halafu akanyoosha kidole kwenye kale kauwanja kake. "Geuza hapa hapa. Mbele yangu. Usiguse baryeri yangu. Ukiweza, urudie kwako polepole, na usirudie hapa bila karatasi wala muntu wa kukufundisha. Mama yangu angefanya ile, ningemfunga."

Nikageuza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, jasho mpaka machoni, volani ile nzito kama kusaga mahindi. Baryeri sikuigusa. Niligusa pipa lake. Kidogo. Wake wa askari wanaouza vitumbua pale walianza kuhesabu kwa sauti kila nikirudi nyuma, na nilipomaliza walipiga vigelegele, na yule askari akaokota pipa lake, akasema, "Basi, mama, hiyo inatosha!"

Kwenye kivuko cha reli ilizimika. Katikati ya reli, tata. Sitakudanganya, niliona kaburi. Nikashuka mwenyewe, nikazungusha manivela mwenyewe, nikapanda mwenyewe, upande wa kushoto. Ikaondoka. Nilipofika lupango nilikaa ndani ya kabini muda mrefu kwa sababu nilishindwa kushuka. Nililia. Hasira, furaha, sijui. Nilimlilia na baba yako pia, kwa kuwa hakuniona.

Sasa sikiliza, na haya si ushauri, ni amri ya mama.

Neno ulilowapa watu wa mitraye ni lako, si langu. Kesho mapema, mbele ya chai, utakwenda kwao mwenyewe kulirudisha. Usimtume shangazi. Usiwapigie telefone. Uso kwa uso, uwaambie kamyo ina mwenyewe, yuko, na anaiendesha. Usiwaambie kwamba mama ni mkali. Waambie kwamba weye ulikosea.

Mimi nimekwisha kuongea na mzee wa jirani, yule shofere aliyestaafu. Atakaa karibu yangu mpaka nipate karatasi zangu, na baada ya hapo nitachukua njia ya Malemba kama kawaida, Jumatatu, na Jumanne. Naye kesho atakuwa nyuma kwenye mizigo, anataka kuona. Hutakwenda stesheni kwa pikipiki. Nitakupeleka na Nkambo, mimi. Utapanda upande wa kuume. Mikono yako utaiweka mapajani, na mdomo wako utaufunga. Tukifika kwenye kivuko, ikizimika tena, usishuke, usiguse kitu, usiseme, "Mama, niachie." Utakaa pale kama nilivyokaa mimi miaka yote, ungojee mpaka niiondoe.

Ni mimi mama yako.